Tupeane uzoefu: kurekodi video ukumbini usiku, ISO yako unaifikisha wapi?

Loleza_Video (Mbeya)

Wakuu, heshima kwenu. Kazi zangu nyingi ni harusi, send-off na mikesha ya kwaya, hapa Mbeya mjini, Uyole, na kushuka mpaka Tukuyu. Karibu zote zinanoga giza likishaingia. Maharusi wanaingia ukumbini saa mbili usiku, DJ kawasha taa za bluu na zambarau, taa kubwa za ukumbi zimezimwa. Video ikishakabidhiwa, mteja anauliza mbona ina chenga, yaani vidotidoti vinavyochezacheza kwenye picha.

Naanza na langu, maana nalisikia likipotoshwa kila siku. Vijana wanafundishwa wasivuke ISO 800 (ISO ni kiwango ambacho kamera inakuza mwanga iliopokea), eti chenga zitaingia. Basi wanarekodi sura ya bibi harusi ikiwa nyeusi, halafu wanaipandisha wakati wa kuhariri, na hapo ndipo chenga zinapomwagika. Chanzo kikubwa cha chenga ni uchache wa mwanga uliofika kwenye sensa, kile kifaa ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Mwanga unaingia kwa chembechembe, na chembe zikiwa chache hazigawanyiki sawa: ni kama manyunyu ya kwanza kwenye uwanja mkavu, huku pamelowa, pale bado. ISO inakuza kile ambacho sensa imeshapokea. Ukingoja ukikuze kwenye kompyuta ni vibaya zaidi, kwa sababu faili hizi za biti 8 (zenye ngazi chache za rangi na mwanga) kamera imeshazibana, na sehemu za giza ndizo hupoteza mengi. Ukizivuta juu yanatoka mabakamabaka.

Mimi naweka fremu 25 (picha 25 kwa sekunde), shata 1/50 (kila picha inapokea mwanga kwa sehemu ya 50 ya sekunde), tundu la lenzi wazi kabisa, kisha ISO inapanda mpaka sura ionekane. Ikibidi ifike 6400, ifike. Leteni ya kwenu: kamera gani, lenzi gani, na ukumbi ulikuwaje.

Kihesa_Picha (Iringa)

Kamwene mkuu. Nakubaliana nawe, ila niongeze upande wa lenzi. Natumia Canon 700D, na wengi hapa Iringa bado tunazo hizi kamera za daraja hilo. Lenzi ya 18-55 inayokuja nayo, ukiivuta karibu na sura inafunga mpaka f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la kuingiza mwanga ni dogo). Nilipochukua ile 50mm ya f/1.8, ambayo ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko karibu zote za Canon, niliona tofauti usiku uleule. Hesabu yake ni rahisi: kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara 10. Ukumbi uliokuwa unadai ISO 6400 sasa unakubali 640. Hakuna kamera mpya itakayokupa hivyo kwa pesa ile.

Taabu zake zipo. Kwenye sensa ndogo hii 50mm inaona kama 80mm, hivyo kwenye ukumbi mdogo unaegemea ukuta na bado meza kuu haienei. Pia kwenye f/1.8 eneo lililo kwenye fokasi ni jembamba sana. Bwana harusi akianza kucheza anaingia na kutoka. Kwa watu wanaosogea naifunga mpaka f/2.8 na kupandisha ISO. Chenga kidogo mteja atazivumilia, lakini sura yenye ukungu hatasamehe.

Mpakani_Films (Tunduma)

Kwa wenye kamera ya Sony FX3 (sensa kubwa ya fulu fremu, pikseli milioni 12 tu) au mnaoikodi: ukirekodi kwa S-Log3 (mpangilio wa Sony wa picha iliyopauka, inayorekebishwa rangi baadaye) ina ISO mbili za msingi, yaani zile ambazo sensa inafanya kazi vizuri zaidi, 800 na 12,800. Sensa inabadilisha njia ya kukuza mawimbi, kwa hiyo 12,800 inatoka safi kuliko 6400. Nimewaona watu wanaizuia kwenye 6400 wakidhani wanaokoa picha. FX30 nayo ina 800 na 2500. Blackmagic Pocket 4K ni 400 na 3200, na inahama ikifika 1250, ndiyo maana 1250 yake ni safi kuliko 1000. Kila mtu aijue ya kamera yake kabla hajafika ukumbini.

Dada_wa_Kwaya (Makambako)

Mimi narekodi kwaya kanisani. Shida iliyonisumbua muda mrefu ilikuwa mistari myeusi inayopanda taratibu kwenye picha, hasa kwenye taa za mirija. Mafundi wawili waliniambia sensa imekufa, nitafute kamera nyingine.

Kumbe sensa nzima kabisa. Kamera ilitoka Japani imetumika, na mpangilio wake ulikuwa NTSC (mfumo wa video wa nchi kama Japani), fremu 30 na shata 1/60. Umeme wetu Tanzania ni hezi 50, taa inapwita mara 100 kwa sekunde, na 1/60 haigawanyiki sawasawa na mapigo hayo. Niliingia kwenye menyu nikabadilisha kuwa PAL (mfumo unaoendana na umeme wa hezi 50), fremu 25, shata 1/50, mistari ikaisha. Na kwa sisi wa usiku kuna faida ya juu: 1/50 inaingiza mwanga zaidi kidogo kuliko 1/60.

Angalizo, baadhi ya Sony za zamani zikibadilishwa hivyo zinadai kadi iformatiwe upya. Hamishieni kazi za wateja kwenye kompyuta kwanza. Na taa za LED za sola au betri hazifuati hezi 50. Kule vijijini umeme ukikatika zikawashwa hizo, mistari inaweza kurudi. Sogeza shata polepole huku ukitazama skrini mpaka itulie.

Loleza_Video (Mbeya)

Dada, ndaga fijo. Hili la taa za mirija nadhani limewatupisha wengi kamera nzima.

Makete_Usiku (Njombe)

Mimi nachangia la baridi. Mwezi wa saba ukitoka nje Njombe au Makete ukaingia kwenye ukumbi uliojaa watu, lenzi inashika unyevu papo hapo. Picha inafifia, unadhani ni giza, unapandisha ISO bure. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la ndani, ndipo ufungue. Betri pia zinaisha haraka kwenye baridi, kwa hiyo za akiba nakaa nazo mfuko wa ndani wa koti.

Kihesa_Picha (Iringa)

Kuna kitu ambacho ISO haitakusaidia, nacho ni taa ya bluu tupu ya DJ. Mwanga ule unajaza rangi moja tu ya sensa. Bluu imepasuka huku nyekundu na kijani zikiwa karibu hazina kitu, na ngozi ya mtu inahitaji sana nyekundu. Mimi naongea na DJ na MC mapema, kabla wageni hawajaingia, naomba taa moja nyeupe ielekezwe meza kuu wakati wa keki na zawadi. Wengi wanakubali ukiwaomba kwa heshima. Nikiwa na taa yangu naiweka pembeni juu ya stendi, karibu na meza. Ukiirudisha kutoka mita 1 hadi mita 2 inabaki robo ya mwanga, kwa hiyo ile inayokaa juu ya kamera mwisho wa ukumbi haifanyi lolote zaidi ya kuumiza macho ya wazee.

Mgeni_Kyela

Shikamooni. Mimi bado natumia simu, nakusanya ya kamera. Mkesha uko karibu. Nifanyeje?

Loleza_Video (Mbeya)

Marahaba, karibu sana. Tumia lenzi kuu ya simu, ile ya 1x, kwa sababu ndiyo kwa kawaida yenye sensa kubwa na tundu pana kuliko wenzake. Usivute kwa vidole, sogea wewe. Bonyeza sura kwenye skrini na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, ili usibadilikebadilike kila taa inapopita. Kama simu inakuruhusu kuchagua, weka fremu 25 na shata 1/50. Ikigoma kwenye 25, weka fremu 30 lakini shata ibaki 1/50. Simama upande ambao taa za kanisa zinawapiga waimbaji usoni. Ukimaliza weka kipande hapa, tukiangalie pamoja na tukuambie pa kurekebisha.