Mtoto ana aleji ya macho: kipimo cha saitokaini kina maana yoyote? Na siklosporini haitamshusha kinga?

MamaPendo_Dom

Habari za leo wakuu, naomba msaada hasa kwa mlio kwenye mambo ya afya. Kijana wangu ana miaka 8, macho yanamuwasha tangu mdogo ila kiangazi cha mwaka huu imezidi, tuko Dodoma na huku mnajua vumbi na jua lake, asubuhi anaamka macho yamegandana na ute mweupe unaovutika nyuzi nyuzi, mchana akitoka nje anafumba macho kabisa hataki mwanga, na ule weupe wa jicho umeshakuwa wa kahawia pembeni ya duara jeusi. Tulikuwa tunapata nafuu kwa matone yenye deksamethasoni ya duka la dawa, ukiweka siku mbili tatu jicho linatulia, ukiacha linarudi vilevile. Sasa tumefika kwa daktari wa macho, akapindua kope la juu akaangalia kwa ile mashine yake yenye mwanga, akampima na presha ya macho, akasema deksa tuipunguze taratibu mpaka iishe, akaandika matone ya siklosporini.

Nina maswali mawili. Jirani yangu ni nesi wodini, alipoona jina la dawa alishtuka akasema hiyo ni ya watu waliopandikizwa figo, inashusha kinga, kwa nini mtoto wa aleji apewe? La pili, kaka yangu amesoma kuna kipimo cha saitokaini kwenye machozi au damu kinachoonyesha kinga ya mtoto imeharibikia wapi, na kuna maabara binafsi wanasema wanaweza kupeleka sampuli nje ya nchi kwa bei ambayo ni ada ya muhula mzima. Nilipe? Kama kweli itamsaidia mwanangu nitatafuta hela popote.

---

Mpima_Macho

Dada pole sana, ila umefika pazuri. Mimi niko kliniki ya macho kwa miaka sasa na hayo unayoeleza tunayaona kila siku, watoto wa kiume hasa, sehemu za joto na kavu, yanaanza kabla ya miaka 10. Kitaalamu wanaita keratokonjaktivaitisi ya venali, sisi tunasema VKC tu. Hiyo rangi ya kahawia pembeni ya duara ni dalili ya kawaida sana kwa watoto wetu wa Afrika.

Nianze na kupindua kope maana hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote na hakina gharama. Dodoma hiyohiyo ndipo ilipo Kongwa, wilaya ambayo utafiti wa trakoma umefanyika kwa miaka mingi sana, na trakoma nayo inakaa chini ya kope la juu. Ni vijidudu vya klamidia, dawa yake ni azithromaisini na usafi wa uso na maji, ukimtibu mtoto wa trakoma kwa dawa za aleji unamwacha kope lake liendelee kupata makovu mpaka nywele za kope zianze kuchoma jicho ukubwani. Daktari akipindua anaona kama ni vile vipunje vya trakoma au ni manundu makubwa bapa yaliyobanana ya VKC. Kwahiyo hapo alishachagua njia.

Saitokaini sasa. Hizi ni protini ndogondogo ambazo seli za kinga zinatoa ili kuitana, ni la mgambo likilia na kila aina ya mlio inaleta watu wengine. Kwenye VKC kuna seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, zinazotoa saitokaini za IL-4, IL-5 na IL-13 (IL ni kifupi cha intalukini). IL-4 inaziamrisha seli nyingine zitengeneze IgE, ile kingamwili ya aleji. IL-5 inazidisha eosinofili, seli nyeupe za damu za aleji, na kuna nyingine inaitwa eotaksini inazivuta hizo eosinofili mpaka kwenye utando wa jicho, zikifika zinamwaga protini kali zinazokwangua kioo cha jicho, yaani konea ile sehemu angavu ya mbele, ndiyo maana baadhi ya watoto wanapata kidonda juu ya kioo na hapo mwanga unakuwa hauvumiliki. IL-13 inahusika na ule ute na yale manundu. Histamini ipo pia, ndiyo inayowasha, ila haiko peke yake, ndiyo maana vidonge vya aleji vya kawaida kwa hawa watoto havitoshi.

Deksa inanyamazisha karibu yote kwa pamoja, kwahiyo nafuu inakuja haraka na mzazi anaipenda. Tatizo ni kwamba ikitumika muda mrefu kwa baadhi ya watoto inapandisha presha ya macho, na presha ya macho haiumi, haiwashi, jicho linaonekana jeupe safi huku mshipa wa fahamu unakufa taratibu, na ukishakufa haurudi. Juu ya hapo inaleta mtoto wa jicho. Nimeona vijana wa sekondari waliopofuka kwa dawa na siyo kwa aleji, naumia kila nikikumbuka, kwa sababu aleji yenyewe ingewaacha tu walipokua.

Siklosporini ni kweli ndiyo ileile ya figo, nesi hajakosea. Inazuia kimeng'enya kinaitwa kalsineurini ndani ya seli T, seli inashindwa kutengeneza IL-2 na bila hiyo haizaliani. Ila mwenye figo anameza inaenda mwili mzima, mwanao anawekewa tone lenye 0.05 au 0.1 kwa mia, linafanya kazi palepale na kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Ulaya waliidhinisha matone ya 0.1 kwa ajili ya ugonjwa huuhuu mwaka 2018 na Marekani 2021. Jiandae tu kwa mambo mawili, inachoma mwanzoni, na haifanyi kazi kesho, ni wiki kadhaa, wengi wanaiacha hapo katikati wanarudi kwenye deksa. Usiache.

---

kijana_wa_maabara

Naongezea upande wa kipimo maana ndio fani yangu. Mama usilipe.

Kwenye utafiti wanachukua machozi kidogo sana kwa kijimrija chembamba au kikaratasi, wanapitisha kwenye mashine inayosoma saitokaini nyingi kwa mara moja. Kwa kulinganisha kundi la wagonjwa na kundi la wazima inasaidia sana, ndivyo tulivyojua haya yote aliyoeleza mkuu hapo juu. Lakini kwa mtoto mmoja? Mtoto akilia machozi yanakuwa mepesi na namba zinashuka, akisugua jicho zinabadilika, alivyowekewa dawa jana zinabadilika tena, na hakuna kiwango cha kawaida ambacho wataalamu wamekubaliana kwamba juu ya hapa ni ugonjwa. Alafu kwenye VKC hukuti IL-4 na wenzake tu, unakuta na IL-6, IL-8, IL-17, huo mchanganyiko unaupata kwenye macho mekundu ya sababu nyingine kibao. Ule mgawanyo wa seli T za aina ya 1 na aina ya 2 ambao watafiti Mosmann na Coffman waliutoa 1986 kwa kuangalia saitokaini zinazotolewa ulitokana na seli za panya, umetusaidia sana kufikiri ila jicho la binadamu halifuati mstari.

Na hata ukiikuta saitokaini iko juu haimaanishi ukiiziba mgonjwa anapona, hili watu wengi hawalijui. Kwenye yuveitisi, yaani kuvimba kwa ndani ya jicho, IL-17 ilionekana kwenye panya na kwenye watu, kila mtu akaamini, wakajaribu sekukinumabu inayoziba IL-17A kwa wagonjwa, majaribio makubwa matatu, matokeo yaliyotoka 2013 hayakufikia lengo. Mfano mwingine uko karibu na wewe: dupilumabu inaziba njia ya IL-4 na IL-13, inasaidia sana wenye pumu ya ngozi, kwa karatasi ungesema hii ndiyo dawa ya macho ya aleji, kumbe baadhi ya wanaochomwa kwa ajili ya ngozi ndio wanaanza kupata macho mekundu. Kwahiyo kaka yako akisema tuzibe IL-4 mwambie jicho na ngozi havisemi lugha moja.

Kuna sehemu moja ninayoiheshimu ambapo kipimo kama hiki kinaamua kitu. Mtu mzima ana yuveitisi isiyosikia dawa, wanavuta maji ya ndani ya jicho wanalinganisha IL-10 na IL-6. IL-6 ikizidi inaelekea ni kuvimba kweli, IL-10 ikizidi wanaanza kuwaza limfoma, saratani ya seli za kinga, iliyojificha ndani ya jicho, kwa sababu zile seli B za saratani zinatoa IL-10 nyingi. Hapo namba inaokoa maisha. Ila ni maji ya ndani ya jicho, wanachoma sindano, siyo machozi ya mtoto wa VKC.

---

Wanja_Nrb

Mama Pendo pole. Mimi niko Nairobi, msichana wangu ana athraitisi ya watoto, magoti yake ndiyo yalianza kufura. Nataka tu uone tofauti maana yako angalau inaonekana. Yake jicho halikuwa jekundu, hakulia, hakusugua, nyeupe kabisa, lakini daktari wa viungo akasisitiza aende kliniki ya macho akaangaliwe na ile mashine hata kama halalamiki, na wakapata seli zinaelea ndani ya jicho. Hawa watoto wanapoteza macho kimyakimya.

Kwake walianza na matone ya steroidi, yaani dawa za jamii ya hiyo deksa, wakaongeza methotreksati ya kutuliza kinga, ikakosa kutosha, sasa anadungwa adalimumabu ambayo inaziba TNF, nayo ni saitokaini ya uvimbe. Daktari alitueleza kuna utafiti wa Uingereza wa 2017 kwa watoto kama yeye ambapo waliopata hiyo pamoja na methotreksati macho yalitulia kuliko waliopata methotreksati peke yake. Nilimuuliza etanasepti je, maana nayo ni ya TNF na ndio bima ilikuwa inapendekeza, akasema kwa magoti sawa, kwa jicho hapana, haisaidii vile.

Lakini kabla ya sindano ya kwanza walimpima TB, damu na eksrei ya kifua. TNF ndiyo inashikilia wadudu wa TB waliolala mwilini, ukiiziba wanaamka. Kwetu huku TB iko, kwa hivyo mtu yeyote akiambiwa anaanza hizi sindano na hajapimwa TB, aulize.

---

MamaPendo_Dom

Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Hela ya kipimo tumeiacha, tutanunulia dawa maana nayo si rahisi. Mpima_Macho naomba unijibu mawili tena kaka yangu: kipimo cha aleji cha ngozi nacho tuache? Na hii itaisha lini?

---

Mpima_Macho

Dada cha ngozi si cha lazima. Watoto wengi wa VKC wakipimwa hawaonyeshi aleji ya kitu chochote, IgE yao iko kawaida, na jicho linawaka vilevile, kwahiyo usije ukaambiwa hana aleji ukaacha dawa. Kama ana pumu au ngozi yake inawasha pia hapo kina maana, jadili na daktari.

Wengi inawaacha wakibalehe au baada ya hapo kidogo. Kazi yenu ni kumfikisha huko akiwa na jicho zima. Kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua hata shuleni, mwandikieni mwalimu wake asimvue. Kitambaa cha maji baridi jicho likiwasha, asisugue kabisa, kusugua kwa miaka kunachongoa kioo cha jicho, inaitwa keratokonasi, na miwani ya kawaida inashindwa kurekebisha. Matone ya aleji ya olopatadini au kromoglikati unaweza kuambiwa uongeze kabla kiangazi hakijaanza, siyo jicho likishawaka.

Mpeleke apimwe presha kila tarehe mliyopewa hata kama anaona vizuri, kwa sababu deksa alishatumia. Na akianza kusema jicho linauma badala ya kuwasha, au haoni ubao, au kuna doa jeupe kwenye kioo, usisubiri tarehe, nenda siku hiyohiyo. Dodoma wakishindwa omba rufaa, hospitali za KCMC Moshi na CCBRT Dar zina watu wa macho ya watoto.

Uliandika mmeambiwa deksa mpunguze taratibu, mmepewa ratiba kwa maandishi? Kama hamna mpigie daktari kesho akuandikie tone ngapi wiki gani.

---

MamaPendo_Dom

Ratiba tunayo kaka, imebandikwa kwenye friji. Wiki hii ni mara mbili kwa siku.