Mrejesho: krenki ya Hilux yenye injini ya 3L na taa ya oili

Wakuu, niliuliza kama kuweka foili nyuma ya beringi za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kungezima taa ya onyo la presha ya oili, inayowaka injini ikishapata moto. Mlisema nipime kwanza. Asanteni sana!

Tulifuta oili yote, tukalaza uzi wa plastigeji (uzi laini unaobanwa ukaonyesha nafasi kati ya krenki na beringi), tukakaza kepu, vifuniko vya beringi, kwa spana ya kipimo bila kuzungusha krenki hata kidogo. Meni ya tatu, yaani shingo ya krenki inayokaa kwenye beringi kuu, ikasoma nafasi ya 0.11 mm, wakati mwisho unaoruhusiwa ni 0.10. Maikromita, kipimo cha unene, ikaonyesha shingo hiyo imelika upande, si duara tena. Foili isingeponya hilo, na ingezuia beringi kupoa.

Krenki imesagwa ikapungua 0.25 mm, zikawekwa beringi za saizi hiyo, sasa nafasi ni 0.05 kote. Nimepanda mlima Kitonga na mzigo, taa haijawaka.