Msaada wakuu: Kalkulasi mwaka wa kwanza, nimetoka PCB, kozi weki inanikimbia

binti_kemia:
Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa kwanza nasoma digrii ya kemia, chuo sikitaji. Advansi nilisoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia) kwahiyo hesabu niliyonayo ni BAM tu, ile hesabu ya msingi, na hiyo BAM yenyewe kile kipande cha kudiferenshieti na kuintegreti tulikimbizwa wiki za mwisho mtihani umeshafika mlangoni. Sasa huku tumechanganywa na watu wa PCM (fizikia, kemia, hesabu kamili), lekchara anauliza "hii si mnaikumbuka?" wenzangu wanaitika ndiyoo, anafuta ubao anaendelea.

Kozi autlaini inasema hivi: kozi weki (testi na kwizi za muhula) 40, UE (mtihani wa mwisho) 60. Kwenye hiyo 40 kuna testi mbili za 15 kila moja, halafu kwizi tano za alama 2 2. Usipofikisha 16 ya kozi weki huingii UE, unarudia kozi mwakani. Mahudhurio 75%. Kwizi hazitangazwi, ukikosa hamna kurudia, labda uwe na sababu ya maandishi.

Mpaka leo nina testi ya kwanza 4, kwizi ya kwanza 0 kwasababu siku hiyo nilikuwa zahanati na malaria, ya pili 1, ya tatu 1.5. Jumla 6.5. Kilichoniuma zaidi kuna swali la alama 4 walisema tafuta deriveti ya x² kwa fasti prinsipo (yaani kwa kuanzia kwenye difinisheni), nikaandika 2x, jibu ndo hilo hilo, nimepewa sifuri. Nimelia kweli.

Naomba ushauri, nihame kozi, niahirishe mwaka au bado kuna la kufanya? Nyumbani mimi ndo wa kwanza kufika chuo, na bumu (hela ya mkopo) nasikia matokeo yakiharibika nalo linasumbua.

Mtu wa Tanga:
Pole sana mdogo wangu. Hama mapema, mimi mwaka wangu nilikomaa na hesabu mpaka nikala sapu (mtihani wa marudio), na sapu hata uifanye vizuri vipi chuoni kwetu ilikuwa inaishia C, GPA yangu haikuinuka tena mpaka namaliza.

Kokotoa:
Mkuu hapo juu usimtishe mtoto wa watu, tupige hesabu kwanza. Anatakiwa 16, ana 6.5, bado 9.5. Zilizobaki ni testi ya pili 15 na kwizi mbili za 2 2, jumla 19. Kwahiyo anahitaji nusu kamili ya kilichobaki, huyo mtu hajafeli. Nusu inapatikana kabisa.

Dada, hiyo siku ya malaria ulipewa ED (karatasi ya ruhusa ya ugonjwa) au karatasi yoyote?

binti_kemia:
Ninayo mkuu, ya zahanati, ina muhuri na tarehe. Sikuipeleka popote mana niliogopa, na nilidhani alama 2 ni kitu kidogo.

TA_mstaafu:
Alama 2 kwenye 16 sio kidogo hata kidogo. Kesho asubuhi nenda na karatasi yenyewe na kopi yake, ubebe na autlaini umepigia mstari pale paliposema "sababu ya maandishi". Usimtumie lekchara meseji ya watsapu, nenda ofisini saa zake za kuonana na wanafunzi, ukishindwa kumpata pitia kwa CR wenu (kiongozi wa darasa) akusindikize. Usianze na kulia shida za nyumbani, mwambie tarehe, mwambie kwizi ipi, mpe karatasi. Kama amekuwekea siku za mwisho za kupeleka na zimepita mwambie ukweli kwamba umechelewa, atakachoamua ndo hicho.

Sasa hiyo sifuri, nimesahihisha hizi skripti miaka mitatu naomba nikueleze inavyokuwa. Swali likisema fasti prinsipo hatukuulizi jibu, jibu kila mtu analijua, tunakuuliza njia. Mwongozo wa alama 4 huwa unakaa hivi: alama 1 ya kuandika difinisheni, lim h→0 ya [f(x+h) − f(x)]/h. Alama 1 ya kufungua mabano, (x+h)² − x² inabaki 2xh + h². Alama 1 ya kukata h, unabaki na 2x + h. Alama 1 ya mwisho h inaenda sifuri unapata 2x. Wewe umeandika mstari wa mwisho peke yake bila njia, TA (msaidizi wa lekchara anayesahihisha) hana pa kuweka tiki. Na hilo neno lim liandike kila mstari mpaka pale unapoweka sifuri, wengi wanaliacha katikati wanakatwa.

Mama Neema:
Mimi hiyo sheria ya 16 inanikera jamani, mtoto katoka BAM unampima na wa PCM kwa testi ya wiki ya nne, basi wangewapa hata wiki mbili za kuwakumbusha. Ila kwakuwa ndo sheria na ulipewa siku ya kwanza, ishike. Semina za TA unahudhuria mwanangu?

binti_kemia:
Shikamoo mama. Nilienda mara mbili nikaona wanafanya maswali siyajui nikaacha.

Kokotoa:
Rudi. Kaa mbele. Halafu tafuta pastpepa za testi ya pili za miaka mitatu nyuma, uanze na fasti prinsipo ya √x, hiyo hairuki. Zidisha juu na chini kwa √(x+h) + √x.

binti_kemia:
Mrejesho wakuu. Nimeenda. Lekchara kapokea ED, kwizi hanifanyishi tena ila zile alama 2 kasema zinahamia testi ya pili, kwangu itakuwa ya 17. Kwahiyo natafuta 9.5 kwenye 21. Na semina ya leo nimeenda nimekaa mbele.

Kokotoa, hiyo √x nimefika hapa: juu imebaki h, chini h(√(x+h) + √x), nimekata h, nina lim ya 1/(√(x+h) + √x). Naweka sifuri sasa au bado?

Kokotoa:
Weka sasa. Na lim inaondoka hapo hapo.

binti_kemia:
1/(2√x)

TA_mstaafu:
Nne juu ya nne.