Amita ya Mopar: kuiacha, kuiruka kwa waya mpya, au kuitoa kabisa?

MwewaWaya
Wakuu, naomba tulinganishe njia za kushughulikia amita, ile mita ya dashibodi inayoonyesha umeme unaoingia na kutoka betri. Gari ni Mopar (yaani la Chrysler), Plymouth Duster ya 1971, injini 318, imefungwa altaneta ya ampea 60. Taa zinafifia injini ikiunguruma bila kukanyagwa, na ile plagi kubwa inayopitisha nyaya kwenye bati kati ya injini na kabini imeanza kuyeyuka kwenye tundu la waya mweusi. Naona njia tatu:
A. Kuacha mfumo wa kiwandani, kusafisha na kubadilisha vichwa vya waya.
B. Kuvuta waya mpya kutoka altaneta hadi kwenye rele ya stata, ambayo imeunganishwa na betri.
C. Kutoa amita, kuunganisha waya mwekundu na mweusi, kisha kufunga voltimita.

MchoroKwanza
Kabla ya kuchagua, fahamu umeme unapita wapi, maana wengi huilaumu amita bure. Mwekundu unatoka betri. Mweusi unatoka altaneta. Kiungo kinacholisha swichi ya kuwashia, taa na boksi la fyuzi kiko kwenye ule mweusi, chini ya dashibodi. Kwa hiyo altaneta ikifanya kazi vizuri, umeme wa taa haupiti kwenye amita. Unaopita pale ni ule wa kuchaji betri tu.

Tatizo huanza mtu akifunga feni ya umeme au redio kubwa moja kwa moja kwenye nguzo ya betri. Umeme wote wa vifaa hivyo unatoka altaneta, unaingia ndani kupitia plagi, unapita kwenye amita, unatoka tena kupitia plagi. Plagi mara mbili, amita mara moja. Halafu amita yenyewe inasoma mwisho ampea 40. Hamishia mizigo hiyo kwenye stadi (boliti ya kufungia waya) ya altaneta, kila mmoja na rele yake na fyuzi yake, na huenda nusu ya joto ikaisha hapo hapo.

Pima kwanza: washa injini, taa kubwa na feni ya hita, weka mita kati ya stadi ya altaneta na nguzo chanya ya betri. Ikizidi volti 0.5, fuata kiungo kimoja kimoja. Kinachokula zaidi ya 0.1 ndicho kichafu au kimelegea.

Spana916
Mimi ni mtu wa B. Kichwa cha waya kikishapata joto kinapoteza ukakamavu, hata ukisugua kiasi gani kitalegea tena. Na plastiki iliyoyeyuka hairudi. Waya mmoja wa 10 AWG (kipimo cha unene wa waya, namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba) kutoka stadi ya altaneta hadi stadi ya rele ya stata unaipunguzia plagi kazi kubwa, na ni kazi ya nusu saa.

DadaVolti
Kaka Spana, hiyo nusu saa ndiyo inayochoma magari. Kiwandani kuna waya-fyuzi mmoja (kipande cha waya mwembamba kinachokatika kama fyuzi), wa 16, unaolinda mwekundu wa 12. Ukiongeza waya mpya usio na kinga, shoti ikitokea chini ya dashibodi waya-fyuzi wa zamani unakatika, lakini betri inaendelea kumwaga umeme kupitia waya mpya, inazunguka kwenye stadi ya altaneta na kuingia ndani kwa mweusi. Hakuna cha kuuzuia.

Kanuni: waya-fyuzi uwe mwembamba kwa namba nne kuliko waya unaoulinda. Waya wa 10 unapewa wa 14, ukifungwa upande wa betri. Ila bado kuna mtego. Mweusi wa zamani ni wa 12, na fyuzi ya 14 itachelewa kuukinga. Kwa hiyo ukifanya B, na mweusi nao uwe wa 10 hadi kwenye kiungo. Na usiiamini amita tena: umeme unagawanyika njia mbili, mshale utakaa karibu na sifuri hata betri ikifa.

MchoroKwanza
Hapo dada umemaliza. Niongeze kuhusu C: kuunganisha nyekundu na nyeusi kwa boliti moja na kuzizungushia tepu kunaondoa amita tu. Plagi iliyoyeyuka inabaki palepale na mzigo uleule. C ina maana pale tu nyaya hizo mbili zinapitishwa kwenye bati bila kiungo, kwa tundu lenye raba. Chrysler wenyewe waliyafanyia hivyo magari ya polisi na teksi.

Ukiamua kubaki na A, toa waya hasi wa betri kabla ya kugusa amita. Upande mwekundu una umeme hata funguo ikiwa mfukoni. Angalia vizibo vya kuhami kwenye stadi zake, na ukikaza nati usiilazimishe, stadi ikizunguka inang'oka kwa ndani.

FundiRegyuleta
Hakuna aliyegusa waya wa bluu. Kuanzia 1970 regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za altaneta, ni ya elektroniki na inapima volti kwenye waya huo wa swichi, si kwenye betri. Plagi na swichi vikila volti 0.8, regyuleta inadhani umeme ni mdogo na kuisukuma altaneta, betri inapata zaidi ya 15 na kuanza kuchemka. A, B wala C havitibu hilo. Pima kati ya betri na waya wa bluu, swichi ikiwa imewashwa. Na bodi ya regyuleta iguse bati tupu, rangi ikwanguliwe.

MwewaWaya
Nimeelewa, naenda B na mweusi mpya. Dukani wanauza kwa milimita za mraba. 10 AWG ni ngapi?

DadaVolti
Ni 5.3, nunua 6. Lakini waya-fyuzi usiukate kwenye waya wa kawaida. Ganda lake ni la aina isiyoshika moto, agiza wenyewe wa 14. Vichwa vikamuliwe kwa koleo lake kabla ya risasi ya kulehemu, si risasi peke yake: kiungo kikipata joto risasi inalainika na waya unachomoka. Na kama betri imekufa kabisa, ichaji kwa chaja kwanza. Usiwashe gari kwa kuazima umeme halafu uiachie altaneta ya ampea 60 kazi hiyo.