MREJESHO: Gitaa la mkono wa kushoto limelia

Wakuu, nilileta swali la kuunda gitaa la umeme la mkono wa kushoto hapa nyumbani Moshi, au nigeuze tu la kawaida kama alivyofanya mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix. Wengi mlisema unda. Nimeunda, na jana usiku limelia!

Mwili ni mninga. Kutoka kidaraja cha juu (kile chenye mifereji ya nyuzi, penye mwisho wa shingo) hadi daraja la chini (linaloshika nyuzi mwilini) ni milimita 648, freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukingama shingoni) inakaa 324, katikati kabisa.

Kazi ilikuwa kidaraja cha juu. Mifereji ya vile vya dukani imechongwa kwa mkono wa kulia, uzi mnene hauingii penye mwembamba. Aliyenishauri mfupa wa ng'ombe, Mungu akubariki. Niliuchukua buchani, nikauchemsha, nikauanika, nikaupiga msasa hadi ukang'aa kama jino. Mifereji nikachonga kwa tupa ndogo, taratibu, nikipuliza unga kila baada ya msukumo mmoja.

Nilikosea jambo moja: nyuzi zote nilizipa urefu wa 648 kamili. Nikibonyeza freti ya 12, nyuzi nene zilipanda sauti kupita kiasi. Nimevisogeza nyuma vikalio vyake (vipande vinavyobeba kila uzi) pale darajani, sasa zinakubaliana.

Mngurumo wa umeme kwenye spika nao ulipungua sana nilipounga waya wa ethi hadi darajani. Msisahau huo waya, tafadhali.

Binti yangu, mwenye mkono wa kushoto wenyewe, hajaliachia tangu asubuhi. Jumapili analipeleka kwaya. Asanteni sana.