Naomba ushauri: jina la mti katika shairi la Sorley MacLean

Wanajamvi, shikamooni wakubwa. Natafsiri “Hallaig”, shairi la Sorley MacLean (1911–1996) wa kisiwa cha Raasay, Uskoti, aliyeandika kwa Kigaeli, lugha ya asili ya huko, na aliyekuwa rafiki wa mshairi mwenzake Hugh MacDiarmid. Hallaig ni kijiji ambacho wakazi wake waliondolewa karne ya 19. Shairini, wasichana wake wamekuwa miti. Hapo ndipo nimekwama, na shairi lenyewe limenikaa moyoni. Kuna mti mwembamba wa gome jeupe, *beith* kwa Kigaeli. Nilijaribu “msonobari”, lakini misonobari ndiyo MacLean anayoikataa humohumo shairini. “Mkoko” unaifuta Raasay kabisa. Kigaeli sikijui; nategemea tafsiri ya Kiingereza ya MacLean mwenyewe na ile ya Seamus Heaney, mshairi wa Ireland. Mngeuitaje mti huu? Na wapi wawili hao wakitofautiana, nimfuate nani?