MREJESHO: Keria zangu za alumini za pikipiki za theluji

Wakuu, salamu kutoka Minnesota. Kabla ya msimu niliomba ushauri: keria ninazotengeneza zinapasuka pembeni ya weldi, na wateja wanalalamikia bei. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema alumini ya 6061 (aina ya aloi ninayotumia) hupoteza nguvu pale ilipopata moto wa kuchomelea, alilenga penyewe. Nilihamisha maungio mbali na kona zinazobeba mzigo, nikaongeza pembetatu za bati na washa za mpira chini ya kila mguu. Keria sita zimemaliza msimu zikibeba madumu ya petroli na vifaa vya kuvulia samaki kwenye barafu, hazina ufa. Ya saba imepasuka, ila huyo jamaa alimpakiza shemeji yake juu!

Ushauri wa kuchungulia chini kabla ya kutoboa bati la nyuma la pikipiki ili kufunga keria niliupuuza mara moja tu. Tundu la tatu, nikaona maji ya kijani ya kupozea injini yanachuruzika kwenye theluji. Nimemlipa mwenye pikipiki.

Bei sikushusha. Nachukua nusu ya malipo kabla sijakata bomba. Wasumbufu wamepungua, na oda nazo zimepungua kidogo.